Mpiga Tarumbeta Asiye na Cheti

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alikuwa na alama ya duara katikati ya midomo, ndogo kama kifungo cha shati. Wageni walidhani aliungua utotoni. Wenzake wa kazi walijua ni alama ya tarumbeta, inayoachwa na chuma kinachogandamizwa mdomoni saa nne tano kwa siku, mwaka hadi mwaka. Nililelewa naye tangu nina miaka sita, mama yangu alipofariki. Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe kabla hajaacha kabisa kuyazungumzia.

Tarumbeta aliipata kwa babu. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli, wa kupunga bendera, na jioni alipiga tarumbeta ya pili katika bendi ya wafanyakazi. Kifua kilipoanza kumsumbua, daktari alimkataza kupuliza hata moto wa jikoni. Tarumbeta ikawekwa juu ya kabati. Mama mkubwa, wakati huo ana miaka kumi na mitatu, akawa anavizia nyumba iwe tupu, anapanda kiti, anaishusha. Siku ya tatu babu alirudi mapema akamkuta nayo mdomoni. Hakumgombeza. Alikaa kitandani akamsikiliza, kisha akasema, "Unapuliza kwa mashavu. Pumzi inatoka tumboni, mwanangu. Rudia." Akarudia. Mpaka babu anafariki, miaka minne baadaye, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao makubwa.

Alipofika miaka kumi na tisa akaingia bendi ya jazi ya hoteli moja karibu na stesheni. Wanaume watano na yeye. Walimbandika jina la Honi, kwa sababu, walisema, akipuliza hata kama umesimama nyuma ya ukumbi lazima upishe njia. Walipiga Jumamosi na Jumapili alasiri, katika ukumbi wa chini wenye sakafu ya mbao na feni mbili, moja ikiwa mbovu. Jazi yao haikuwa ya kukariri. Wimbo ulianza kama watu wanavyoujua, halafu kila mmoja aliachiwa uwanja kwa zamu yake abuni papo hapo, wenzake wakimshikilia kwa besi na ngoma. Zamu ya Honi ilipofika, alifumba macho akaanza taratibu kabisa, noti mbili, noti tatu, kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi. Sikuyakuta hayo. Nilisimuliwa na mpishi wa zamani wa hoteli ile, aliyeniambia, "Zamu ya mama yako, jikoni tulikuwa tunaunguza vyakula vya watu."

Alipiga pale miaka kumi na mmoja. Kisha ukaja mwaliko wa safari: nchi nne, miezi mitano, na mwishoni kurekodi santuri. Mkuu wa bendi, ambaye ndiye aliyepiga saksofoni, alimwita mazoezini mapema kabla ya wengine kufika.

"Honi, dada yangu, usinielewe vibaya," alisema. "Tumepewa vyumba vitatu. Tuko sita, wawili wawili. Sasa wewe utalala na nani?"

"Nitalala sakafuni, kwenye korido, popote."

"Ndiyo maana nikasema usinielewe vibaya." Akawa anafuta saksofoni ambayo haikuwa na vumbi. "Kuna jamaa mmoja kwenye bendi ya magwaride. Pumzi anayo, ila nyimbo zetu hazijui. Sasa nani atamfundisha kama si wewe?"

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mara kadhaa kwa nini alikubali. Alinijibu mara moja tu. "Nilifikiri nikimfundisha vizuri wataona sina kinyongo, safari ya pili watanichukua."

Safari ya pili haikuwapo. Kwa wiki tatu alimfundisha jamaa yule kila kitu, mpaka zile zamu zake za kubuni, ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuzipiga mara mbili kwa namna moja. Ilibidi azigandishe ndipo mwenzake aziandike kwenye daftari. Alimfundisha hata mahali pa kusita. Bendi ikaondoka, ikarekodi, wawili wakabaki hukohuko, waliorudi wakatawanyika kila mtu na njia yake. Santuri ilipofika madukani, juu ya kasha palikuwa na picha ya jamaa, tarumbeta begani, anacheka. Mama mkubwa alinunua moja. Aliisikiliza kwa jirani mwenye gramafoni, upande wa kwanza na wa pili, akasema, "Kakariri vizuri," akamwachia jirani santuri yake akarudi nyumbani.

Hakuolewa. Waliomtaka walimtaka bila tarumbeta, na hilo hakulijadili na mtu.

Mwaka niliohamia kwake ndio alioajiriwa na chuo cha walimu kufundisha ala za kupuliza. Barua ilisema "mkufunzi wa muda." Muda huo ulidumu miaka ishirini na sita. Chumba chake kilikuwa nyuma ya dobi la chuo, ukuta mmoja umelowa mvuke mwaka mzima, viti vya chuma kumi na vinane, na kabati la ala ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Nikitoka shule nilikuwa napitia pale kumngoja, nafanya kazi zangu za nyumbani kwenye kona huku wanafunzi wakipuliza. Ninayajua masomo yake kuliko ninavyojua masomo yangu.

Mwanafunzi mpya hakupewa tarumbeta wiki mbili za mwanzo. Alipewa karatasi ya daftari, akaambiwa aishikilie ukutani kwa pumzi tu, bila mikono. Wengine walipuliza mpaka wakaanguka kwa kizunguzungu, darasa zima likivunjika mbavu. Baada ya hapo, kuimba. "Kiimbe kwanza," alikuwa anasema. "Kama wewe hukisikii kichwani, hiki chuma kitakisikia wapi?" Na mwanafunzi akishaweza kupiga wimbo bila kukosea, mama mkubwa alimfungia kitabu. "Haya, sasa niambie kitu ambacho hakijaandikwa." Hapo ndipo wengi walipoogopa, na hapo ndipo yeye alipokuwa mpole. Aliwasubiri. Sijaona mtu aliyejua kumsubiri mwenzake namna ile.

Katika hao wote alikuwapo mmoja tuliyemwita Nusu Pumzi, maana hakuwahi kumaliza sentensi ya muziki bila kukatikiwa njiani. Alikuwa na akili ya vitabu na kifua cha ndege. Bweni lilipomfukuza kwa kuchelewa kurudi, alilala kwenye kochi letu mihula miwili. Alikula sahani moja nami, tukigombania vipande vya juu. Mama mkubwa alimfundisha alasiri, wenzake wakishaondoka, mpaka akaweza kumaliza sentensi, na alipoomba nafasi ya kusoma nje, barua ya kumsifu aliiandika yeye. Nusu Pumzi aliaga kwa machozi. "Mama, nikirudi nitakuja kukaa darasani kwako," alisema.

Huku nyuma mama mkubwa aliandika mazoezi yake kwenye migongo ya karatasi za mitihani ya zamani. Alianza na zoezi la karatasi ukutani, akaishia na namna ya kumwongoza mwanafunzi abuni zamu yake. Kazi ya miaka tisa. Mpiga chapa wa chuo, mama mmoja mwenye huruma, alimchapia wakati wa mapumziko ya mchana. Mkuu wa chuo alikipenda kitabu hicho, kikapelekwa kiwanda cha uchapaji, kikarudi kitabu chenye jalada la kijani: *Mwongozo wa Ala za Kupuliza. Kimeandaliwa na Idara ya Muziki.* Idara ya Muziki wakati huo ilikuwa na watu wawili, na wa pili alifundisha kwaya.

Alikileta nyumbani amekifunga kwenye kanga. Nikatafuta jina lake mbele, nyuma, ndani. Nikamwambia, "Mama mkubwa, mbona hupo?"

"Nipo," alisema. "Nipo kila ukurasa. Ila hapa wamenikosea." Akanionyesha ukurasa wa arobaini na moja, mchoro wa vali. Tarumbeta ina vali tatu za kubonyeza. Noti ya Re ya chini hubonyezwa vali ya kwanza na ya tatu. Kiwandani walikuwa wamechapa ya kwanza na ya pili, ambazo ukizibonyeza unapata Mi. Alisahihisha kwa kalamu nakala zote za chuo, moja baada ya nyingine. Nakala zilizokwenda kwingine hakuweza kuzifuata. Aliandika barua tatu kuomba toleo la pili lisahihishwe. Toleo la pili likatoka na kosa lake.

Alipokuwa na miaka hamsini na saba ukaja waraka. Kila mkufunzi asiye na cheti cha kufundisha muziki afanye mtihani ndani ya mwaka mmoja, la sivyo aondolewe darasani. Kufikia hapo Nusu Pumzi alikuwa amerudi na shahada mbili na miwani, na ndiye mkuu wa idara. Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mama mkubwa dawa zake, kwa hiyo nilikuwapo alipoitwa ofisini.

"Mama, sina la kufanya," Nusu Pumzi alisema. Alikuwa amesimama, nadhani kwa heshima. "Umetoka juu."

"Juu wapi? Mimi nimekufundisha wewe."

"Najua, Mama."

"Basi waandikie kwamba unanijua."

"Waraka hauna sehemu ya kuandika hivyo." Akafungua droo, akampa kitabu cha kujiandalia. Kilikuwa na jalada la kijani.

Mama mkubwa alikishika, akakigeuza, akamtazama. Nikafikiri atamtupia usoni. Alikirudisha mezani kwa upole, akasema, "Hiki ninacho," akatoka.

Nyumbani alisema hafanyi mtihani wa mtu yeyote. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilikuwa nimeolewa wakati huo, nina mtoto mchanga na busara nyingi za kugawa. Nilimwambia ni karatasi tu. Nilimwambia atawaaibisha. Nilimwambia, "Mama mkubwa, nani atakushinda kwa kitabu chako mwenyewe?" Akakubali kwa ajili yangu. Miezi sita alisoma nadharia kwenye meza ya jikoni, miwani puani, akinung'unika kama mtoto wa shule. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuandika tu. Sehemu ya vitendo iliahirishwa kwa kukosa wasimamizi. Kwa hiyo wapiga tarumbeta, wapiga filimbi na wapiga kinanda waliingia ukumbini, kila mmoja na kalamu yake, na hakuna aliyeulizwa anapiga vipi.

Alifeli kwa alama tatu.

Niliposikia nilicheka, nikidhani ananitania. Kisha nikamwona uso. Tuliomba kuonyeshwa karatasi, tukaletewa baada ya mwezi. Swali la vali: andika vali za kubonyeza kwa noti zifuatazo, kisha tumia jibu lako kukamilisha zoezi. Kwa Re ya chini aliandika ya kwanza na ya tatu. Msahihishaji aliweka mkasi wa kosa, na kila kilichojengwa juu ya jibu lile nacho kikawekewa mkasi. Alama nne zikapotea. Swali jingine, "Eleza maana ya kubuni papo hapo," aliandika mistari miwili: ni kusema jambo lako kwa wakati wake huku ukiwasikiliza wenzako. Mwongozo wa kusahihishia ulitaka hoja tano. Alipewa moja.

Tulikwenda ofisi ya mitihani, yeye na mimi. Alivaa gauni lake la bluu la mahafali na alibeba tarumbeta kwenye mkoba wake. Ofisa alikuwa bwana wa makamo, mstaarabu, mwenye mafaili yaliyopangwa vizuri. Mama mkubwa alimweleza. Ofisa akasema mwongozo wa kusahihishia umetokana na kitabu.

"Kitabu kimekosewa," mama mkubwa alisema. "Naomba dakika moja tu, baba." Akatoa tarumbeta palepale mbele ya kaunta. Akapiga Re kwa vali ya kwanza na ya tatu. Akapiga ile ya kitabuni. Akairudia ile ya kwanza, kisha ya pili, polepole, ili hata mtu asiyejua asikie kwamba hizo ni sauti mbili. Makarani waliacha kuandika. Mlango wa ndani ukafunguka, mtu akachungulia. Ofisa aliinamisha kichwa akisikiliza kwa makini, na ninaamini alisikia.

"Ni kweli, mama. Zinatofautiana," alisema. "Lakini sisi hatusahihishi kwa sikio. Tunasahihisha kwa kitabu."

"Na kitabu nimekiandika mimi."

Akavuta nakala kutoka kwenye rafu, akatazama jalada, akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho. Alitafuta kwa dhati, siwezi kumsingizia. "Jina lako halimo, mama yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kumpa mtu pole ya msiba.

Kurudia mtihani ilikuwa ni kungoja miaka miwili. Chuo kikampangia kazi nyingine: msaidizi wa stoo ya ala. Nilitegemea akatae. Alikubali, kwa sababu stoo ilipakana na darasa na aliweza kuwasikia. Mahali pake waliletwa wakufunzi wenye vyeti. Wa kwanza alikuwa mpiga kinanda asiyewahi kugusa tarumbeta, kijana muungwana tu, akafundisha alichokiweza: aliwachorea ubaoni. Mama mkubwa alikaa upande wa pili wa ukuta, akipaka vali mafuta, akiwasikia wanapuliza kwa mashavu. Jioni akija kwangu alikuwa ananiambia, bila kuulizwa, "Yule msichana wa tatu, ana sauti. Lakini wataiua."

Alivumilia miezi saba. Siku moja yule msichana alikuwa anarudia mstari mmoja na kila akifika mahali fulani anakatikiwa, anaanza upya, anakatikiwa. Mkufunzi hakuwapo. Mama mkubwa aliweka kitambaa chini, akafungua mlango wa katikati, akaingia. Alimwekea msichana kiganja tumboni akamwambia, "Hapa. Itoe hapa. Rudia." Msichana akarudia mara tatu na mara ya nne mstari ukatoka mzima. Darasa likapiga makofi. Ilichukua dakika kumi.

Wiki ile ile alipata barua ya onyo: kuingilia ufundishaji bila sifa. Sahihi ilikuwa ya Nusu Pumzi.

Mama mkubwa aliichukua mpaka ofisini kwake. Aliniambia alichomwambia, na Nusu Pumzi mwenyewe alinithibitishia baadaye, tulipokutana kwenye foleni ya benki na akashindwa kunitazama. Alimwambia, "Sentensi hii umeimaliza vizuri. Hukukatikiwa." Akaacha ufunguo wa stoo juu ya meza. Hakuna aliyemfuata kwenye ngazi. Nusu Pumzi aliniapia kwamba alilazimishwa, kwamba mkufunzi ndiye aliyelalamika, kwamba hakulala siku hiyo. Nilimwambia foleni inasogea.

Alihamia kwetu. Nilitegemea atafundisha nyumbani. Watoto wa mtaani wangejaa. Wazazi wawili walikuja wakamwomba. Akawajibu kwamba yeye hana sifa, akalitamka neno hilo kama lilivyoandikwa kwenye barua. Hata yule msichana wa tatu alikuja, amevaa sare, akasimama mlangoni akaomba afundishwe. Mama mkubwa alimkaribisha maji, akamuuliza habari za nyumbani kwao, akamsindikiza mpaka barabarani. La tarumbeta hakuligusa, na kwa adabu msichana hakuliuliza mara ya pili. Baadaye nilisikia aliacha muziki akasomea ualimu wa jiografia.

Binti yangu alipofika miaka kumi na mmoja akaanza kuitaka tarumbeta iliyokuwa chini ya kitanda cha bibi yake. Mimi nilifurahi, nikajiona nimepata dawa. Nilimwambia mama mkubwa mbele ya mtoto, kusudi ashindwe kukataa.

"Hapana," alisema.

"Mama mkubwa, huyu si chuo. Huyu ni mjukuu wako."

"Ndiyo maana nikasema hapana. Mfundishe kitu ambacho wataweza kukisahihisha."

Nikakasirika. Nilimwambia mengi ambayo sasa natamani ningeyameza. Nilimwambia ni ubinafsi, kwamba wanaoumia si wale waliomwonea, ni sisi tunaompenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa anawasikiliza wanafunzi wake. Halafu akasema, "Wewe ndiye uliyeniambia ni karatasi tu." Akaingia chumbani kwake. Hatukuzungumza wiki nzima, na tulipoanza tena tulianzia kwenye mambo ya mboga na maji ya bomba, na hapo ndipo tumebaki.

Sasa ana miaka sabini na minne. Afya anayo. Anafua nguo zake mwenyewe, anasikiliza taarifa ya habari, na muziki ukianza baada ya habari ananyoosha mkono anazima. Binti yangu anasoma uhasibu na anafanya vizuri. Mwezi uliopita alikuwa anajaza fomu ya shule inayouliza kazi za wazazi na mababu, akamuuliza bibi yake aandike nini.

"Andika nilikuwa chuoni," mama mkubwa alisema, akiendelea kukunja nguo.

"Ulikuwa unafanya nini chuoni, bibi?"

"Stoo."

Mtoto akaandika, akaenda kwenye swali linalofuata. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na sufuria mkononi; nikaijaza maji, nikaibandika motoni.